Aleji ya chavua na chakula kukwama kooni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni nesi, nafanya kazi Mbeya, na kila mwaka mvua zikikaribia kuisha maswali haya yananijia kwa simu, kwenye daladala, ata msibani mtu ananivuta pembeni. Nimeyakusanya hapa jinsi watu wanavyoyauliza. Kinachonisukuma ni hiki: kuna vijana wanapiga chafya msimu mzima, chakula kinawakwama, alafu wanatibiwa vidonda vya tumbo mwaka baada ya mwaka na hakuna anayeunganisha hayo mambo mawili.

Dada, chavua si inaingia puani? Inafikaje kwenye njia ya chakula?

Inaingia puani kweli, ila haiishii huko. Ule unga wa maua ukishanaswa na kamasi unasukumwa taratibu kwenda nyuma ya pua, unashuka kooni na unaumeza bila kujua, mchana na usiku. Kwaiyo mtu mwenye aleji ya chavua umio lake, yaani lile bomba linalopeleka chakula tumboni, nalo linapata dozi yake.

Alafu kuna njia ya pili ambayo mimi naiona ina uzito zaidi. Mwili ukishakasirishwa puani au kwenye mapafu unatoa kemikali za kuita askari, na askari wenyewe ni aina ya chembe nyeupe za damu zinazoitwa eosinofili, hizo zinasafiri na damu na zinaweza kwenda kujazana kwenye umio ata kama chavua yenyewe haijafika pale. Mwaka 2001 watafiti Marekani waliwawekea panya protini za fangasi puani, umio la wale panya likajaa eosinofili, lakini walipowapa kitu kilekile kwa mdomo au moja kwa moja tumboni haikutokea. Mwaka 2003 ikaandikwa taarifa ya dada wa miaka 21, ana pumu na mafua ya aleji, msimu wa chavua umio linachafuka na dalili zinapanda, ukija msimu wa baridi ambapo kule hakuna chavua akichukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha ngozi ya ndani ya umio cha kupima maabara, umio limetulia.

Ugonjwa wenyewe unaitwaje?

Kwenye faili madaktari wanaandika EoE, ni umio kuvimba kwa ndani kwa sababu ya hizo eosinofili. Umio la mtu mzima wa afya kwa kawaida halina eosinofili kabisa. Ugonjwa ulianza kuelezwa kama ugonjwa unaojitegemea miaka ya 1993 na 1994, kwaiyo usishangae daktari aliyesoma zamani hakufundishwa. Unawapata wanaume zaidi kuliko wanawake, karibu mara tatu, na wengi wao wana pumu, mafua ya aleji, ukurutu au aleji ya chakula, au ndugu zao wanazo.

Hauambukizi na sio kurogwa.

Nitajuaje kwamba ni hii na sio kiungulia cha kawaida?

Kwa dalili peke yake hutajua kwa uhakika, ila kuna alama zinazotakiwa kukushtua. Mwangalie mtu mwenye huu ugonjwa akiwa anakula. Kuna kijana mmoja nilikaa naye meza moja kwenye mgahawa pale Mafinga, tonge la ugali analibana dogo kama la mtoto, nyama anaichambua nyuzi nyuzi, anatafuna mpaka sisi tumemaliza na kunawa, kila akimeza anashushia na maji, jagi likaisha na yeye bado ana nusu sahani, na nilipomuuliza akasema hana tatizo lolote ndo anavyokula siku zote. Hapo ndo penye mtego, kwa sababu mtu anazoea. Anaacha nyama ngumu, anaacha mkate mkavu, anaacha kwenda harusini kwa aibu ya kuchelewa kumaliza, alafu ukimuuliza kama chakula kinamkwama anasema hapana. Kwaiyo usiulize tu kama kinakwama, uliza ni chakula gani umeacha kula na kwa nini.

Watoto wadogo wako tofauti, wao wanatapika tapika, wanalalamika tumbo, wanakataa chakula kigumu, hawaongezeki uzito. Huku kwetu mtoto wa hivyo anaambiwa anadeka au ana minyoo.

Na kiungulia kinaweza kuwepo pia. Ukitumia omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, ukapata nafuu haimaanishi kwamba sio EoE, nitaeleza chini.

Mwanangu anatapika sana, bibi yake anasema akakatwe kimeo. Nifanyeje?

Mama usikubali tafadhali. Kimeo kiko mlangoni mwa koo, tatizo hili liko chini kabisa kwenye umio, kukikata hakugusi chochote. Watoto wanatoka damu nyingi, wanapata maambukizi, wengine wamefariki. Bibi anampenda mjukuu wake, hilo halina ubishi, mwambie kwa heshima kwamba mtoto anapelekwa hospitali kwanza, na umpeleke kweli.

Huku kwetu chavua inayosumbua ni ya nini? Ni yale maua ya Kitulo?

Hapana, na hili naulizwa sana na watu wa Makete na wageni wanaopanda kule kuangalia maua kuanzia Desemba mpaka Aprili. Maua yanayopendeza macho mengi yanachavushwa na wadudu, chavua yake ni nzito na inanata, na zile okidi za Kitulo ndo kabisa, chavua yake imegandishwa vibonge vinavyobebwa na mdudu, haipeperuki. Chavua ya aleji ni ile inayosafiri na upepo, na inatoka kwenye mimea ambayo ua lake ata hulitambui kama ni ua. Kubwa kuliko zote ni majani, nyasi za kawaida za malishoni, za pembeni mwa barabara, za uwanja wa mpira, yakishatoa yale masuke ukiyagusa yanatoa vumbi.

Watu wa Mufindi wananiambia kuhusu mipaina ya Sao Hill, ule unga wa njano unaoelea kwenye madimbwi na kukaa kwenye vioo vya magari. Unatisha kwa wingi wake ila chembe zake ni kubwa na ni nadra kuleta aleji. Mara nyingi kinachomsumbua mtu ni nyasi zinazochanua wakati huohuo na hazionekani, mipaina inabeba lawama kwa sababu ya rangi yake. Mahindi ni nyasi pia kwa ukoo, chavua yake ni kubwa na inaanguka karibu, kwaiyo anayepata shida ni yule anayepita katikati ya shamba wakati mbelewele zimetoka. Pareto nayo iangaliwe, iko kwenye ukoo mmoja na magugu yanayosumbua sana watu wa aleji huko Marekani, na wachumaji na wakaushaji wapo wanaopata mafua na ngozi kuwasha.

Msimu mbaya ni miezi gani?

Huku mvua ni moja, inaanza Novemba au Desemba inaishia Aprili au Mei. Majani mengi yanachanua kuelekea mwisho wa mvua, kwaiyo kuanzia kama Februari mpaka Mei na Juni hivi ndo miezi ya kuangalia, inategemea uko bonde la Usangu au uko Njombe kwenye baridi. Agosti mpaka Oktoba watu wanakohoa tena ila pale kuna vumbi na moshi wa kuchoma mashamba, na moshi unakera njia ya hewa bila kuwa aleji. Ukiona unasumbuka mwaka mzima bila msimu, fikiria pia wadudu wa vumbi kwenye godoro na mablanketi mazito tunayolalia huku.

Kwaiyo chavua ndo inasababisha huu ugonjwa?

Hapa naomba usome taratibu. Kwa wagonjwa wengi chanzo kikuu ni chakula. Chavua kwa baadhi yao inaongezea moto, na kwa wachache inaonekana ndo chanzo chenyewe. Kuna wagonjwa ambao vinyama vyao vimeonyesha wazi kwamba wanabadilika na msimu, lakini tafiti nyingi zilipokusanywa na kuangaliwa kwa pamoja hazikuona tofauti kubwa ya misimu kwa wagonjwa wote kwa ujumla. Mimi sioni kama hayo yanapingana, inamaanisha kwamba msimu ni swali la mtu mmoja mmoja, na hakuna atakayelijua jibu lako zaidi ya wewe mwenyewe ukiwa na kalenda. Andika siku pua inapoanza kuwasha, siku chakula kinapokwama na ulikuwa unakula nini, basi, daftari la shule linatosha.

Nikila tikiti au nyanya mbichi mdomo unawasha. Ni hiyohiyo?

Ni ndugu yake lakini sio hiyo. Protini za baadhi ya matunda na mboga zinafanana na za chavua, kwaiyo mwili unachanganya. Wenye aleji ya majani wanawashwa na tikiti, nyanya, chungwa, viazi vibichi wakati wa kumenya, na wenye aleji ya yale magugu ya ukoo wa pareto wanaweza kuwashwa na ndizi mbivu au tango. Inakuja ndani ya dakika chache, midomo na ulimi, alafu inaisha, na kikipikwa mara nyingi hakisumbui. EoE inakwenda polepole, ya siku na wiki. Mtu anaweza kuwa nazo zote mbili. Ila ukivimba uso, ukishindwa kupumua au ukizimia baada ya kula, hiyo ni dharura, usisubiri.

Nilipima damu wakasema eosinofili ziko juu. Si ndo jibu?

Bado. Kwa huku kwetu eosinofili kwenye damu zinapandishwa sana na minyoo na kichocho, kama umekulia Kyela ukioga ziwani hilo lichunguzwe kwanza. Pumu na ukurutu pia zinapandisha. Na mtu anaweza kuwa na EoE na damu yake ikawa ya kawaida. Kipimo cha ngozi cha aleji nacho kinasaidia kujua chavua gani inakusumbua puani, ila kwenye kutaja chakula kinachovimbisha umio kinakosea mara nyingi, kwa sababu njia inayotumika kwenye umio sio ileile ya aleji ya haraka. Ata dawa inayozuia kingamwili za aleji ya haraka ilijaribiwa kwa wagonjwa wa EoE na haikusaidia.

Jibu linapatikana kwa kamera.

Kamera inaumaje? Naogopa.

Wengi wanaogopa na ni haki. Unapuliziwa dawa ya ganzi kooni au unachomwa ya kusinzia, mrija mwembamba unapita mdomoni, ni dakika chache. Unahisi kutaka kutapika zaidi ya kuumia. Daktari anaweza kuona mistari ya kushuka, vidoa vyeupe vinavyofanana na fangasi, au mapete mapete mpaka umio linakuwa kama lile koromeo la ng'ombe unaloliona buchani. Saa ingine haoni kitu, umio linaonekana safi kabisa, na hapo ndo watu wanarudishwa nyumbani wakiwa wagonjwa. Kwaiyo kabla hujalala kitandani muulize kwa adabu kama atachukua vinyama, angalau sita, sehemu tofauti za umio. Kuchukua kinyama hakuumi. Maabara wakihesabu kwenye hadubini wakakuta eosinofili 15 au zaidi kwenye eneo moja linaloonekana hadubini ikiwa imekuza sana, na dalili zipo, na sababu zingine zimeondolewa, hapo ndo inaitwa EoE.

Na kama kalenda yako inaonyesha msimu, mwambie daktari. Kinyama cha Aprili na kinyama cha Septemba vinaweza kusema vitu tofauti kwa mtu uleule, na kama ulipimwa umetulia alafu ukaambiwa huna kitu, hiyo sio kesi iliyofungwa.

Dawa ni zipi?

Daktari mara nyingi anaanza na omeprazoli au wenzake kwa dozi kamili wiki 8 hivi. Karibu nusu ya wagonjwa umio linatulia, na sio kwa sababu ya asidi peke yake, hizi dawa zinapunguza pia ile kemikali inayoita eosinofili kwenye umio. Ndo maana nilisema kupata nafuu hakuifuti EoE.

Ya pili ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ya kumeza inayopaka umio. Sehemu nyingi wanatumia pampu ya pumu ya flutikazoni ila badala ya kuvuta hewa unapuliza mdomoni unameza, au budesonaidi inachanganywa na kitu kizito kama asali ikashuka taratibu, baada ya hapo huli wala hunywi kwa nusu saa. Tatizo lake la kawaida ni fangasi wa mdomoni au kooni. Usijianzishie mwenyewe kwa pampu ya mtoto wako, dozi ni tofauti na lazima uangaliwe tena. Ulaya tangu 2018 kuna kidonge cha budesonaidi cha kuyeyukia mdomoni, na Marekani mwaka 2022 waliruhusu sindano ya dupilumabu, bei yake kwa mtu wa kawaida huku haigusiki.

Umio likishakuwa jembamba linapanuliwa kwa kamera. Kupanua kunafungua njia, uvimbe unabaki, kwaiyo dawa au mlo unaendelea. Ukiacha matibabu kwa kawaida ugonjwa unarudi.

Setirizini ninazokunywa kwa mafua zinatibu na umio?

Hapana. Zinatuliza pua na macho. Bado nakushauri pua itibiwe vizuri, dawa ya kupuliza puani kila siku msimu mzima ni bora kuliko kidonge cha kushtukia, maana pua ikitulia na mzigo wa aleji unapungua. Nguo ulizofyekea majani zivue nje, oga kabla ya kulala, usianike mashuka karibu na majani yenye masuke. Anayefyeka uwanja avae barakoa.

Nikitaka kutumia mlo badala ya dawa, naacha nini?

Vyakula vinavyotuhumiwa ni maziwa, ngano, mayai, soya, karanga na jamii ya korosho, samaki na wenzake. Zamani walikuwa wanaanza kwa kuacha vyote sita. Mwaka 2023 yakatoka majibu ya utafiti wa Marekani kwa watu wazima: walioacha maziwa peke yake walitulia asilimia 34, walioacha vyote sita asilimia 40, tofauti ndogo ambayo haina uzito wa kitakwimu. Kwaiyo kuanza na maziwa peke yake ni busara, tena unaweza kuvumilia.

Sisi wa nyanda za juu tuna bahati kwenye ngano, maana ugali, wali, ndizi za Tukuyu, viazi, ulezi, vyote havina ngano, unaacha chapati, maandazi, mkate na tambi na maisha yanaendelea. Kwenye maziwa ndo tunalia, Rungwe na Njombe chai bila maziwa mtu anaona umemdharau. Maziwa ya mbuzi hayafai kuwa mbadala, protini zake zinafanana mno, na mtindi ni maziwa yaleyale. Soma pakiti ya siagi na biskuti. Ila kitu kinachowaponyoka watu wengi ni unga wa lishe, ule mchanganyiko wa mtoto unakuta una soya, karanga, saa ingine ngano na ata dagaa waliosagwa, mama anaapa mtoto amekatazwa vyote kumbe asubuhi kwenye uji anavipata vyote kikombe kimoja.

Usimkatishe mtoto vyakula vingi bila mtu wa lishe, atadumaa. Na baada ya wiki 6 mpaka 12 kamera inarudiwa, kwa sababu kujisikia vizuri sio ushahidi kwamba umio limepona.

Asali ya huku inatibu aleji ya chavua?

Chavua iliyo kwenye asali ni ya maua ya nyuki, inayokusumbua ni ya nyasi na upepo, kwaiyo haikuzoeshi kitu. Ile chavua ya nyuki inayouzwa kwenye vichupa kama dawa, mwenye aleji asiiguse, inaweza kuleta mshtuko mkali.

Na zile dawa za kuzoesha mwili chavua?

Zipo za sindano na za kuweka chini ya ulimi, zinasaidia pua kweli. Lakini za chini ya ulimi kuna watu zimewaletea EoE, na walipoacha ikatulia. Kama ndugu yako anatibiwa nje ya nchi na anazitumia alafu chakula kimeanza kukwama, amwambie daktari wake haraka.

Nyama imekwama sasa hivi, nimeze tonge la ugali isukume?

Usimeze. Wala ndizi, wala soda, wala usiingize kidole kujitapisha, umio lililovimba linaweza kuchanika. Kaa wima, tema mate. Kama mate hayashuki, au kifua kinauma sana, nenda hospitali muda huohuo ata kama ni usiku. Kama mate yanapita ila kitu bado kipo, kitolewe ndani ya masaa 24. Na ukiwa pale omba vinyama vichukuliwe siku hiyohiyo, wengi wanatolewa nyama wanashukuru wanaondoka, na sababu inabaki ndani.

Baba ana miaka 63, chakula kinamkwama miezi mitatu sasa na amekonda. Ni aleji?

Mpeleke kwenye kamera wiki hii, usihangaike na chavua. Ukanda wetu wa Afrika Mashariki una saratani ya umio kwa wingi, na mzee ambaye alianza kukwama kwa vigumu, sasa ata uji, na anakonda, hilo ndo la kuondoa kwanza. Fangasi wa umio kwa mtu mwenye VVU pia anafanya kumeza kuume, na vidonge kama doksisaiklini vilivyomezwa bila maji ya kutosha vinachoma umio.

Nikienda kwa daktari nibebe nini, na nitoke na nini?

Beba kalenda yako, orodha ya dawa zote za pua na pumu, majina ya ndugu wenye aleji, na orodha ya vyakula ulivyoacha. Ukitoka omba nakala ya majibu ya vinyama, sio maneno tu kwamba umio limevimba, karatasi iandikwe eosinofili ngapi, vinyama vingapi, vimetoka sehemu gani, na tarehe. Ukihama kutoka Iringa kuja Mbeya au ukipelekwa Muhimbili, daktari mpya bila ile namba anaanza upya, na bila tarehe hawezi kujua kama ulipimwa majani yakiwa yamechanua au yamekauka.